Mlinde Mtoto wa Kupanga Majini

Msomaji, huenda ndugu yako anaishi Marekani na amechukua mtoto wa kupanga kutoka nchi nyingine, tuseme India au Kolombia. Shule za huko hufungwa kuanzia Juni hadi Agosti. Msimu huo wa joto jamaa hujaa nyumbani, nyama huchomwa, na watoto hukimbilia kidimbwi cha kuogelea.

Hapo ndipo penye hatari. Nchini humo, kuzama majini huua watoto wa umri wa mwaka 1 hadi 4 kuliko sababu nyingine yoyote. Mtoto mgeni huenda hajawahi kuona maji ya kina kirefu. Akikemewa kwa Kiingereza asimame, haelewi. Na kila mtu mzima hudhani mwenzake anamwangalia.

Usitarajie kusikia kelele. Mtoto anayezama hukosa pumzi ya kuitia.

Basi mshauri ndugu yako hivi: mtu mzima mmoja atajwe kwa jina kuwa mlinzi, awe karibu kiasi cha kumfikia mtoto kwa mkono, bila simu wala pombe. Wapokezane zamu. Kidimbwi kizungushiwe ua pande zote nne. Wazazi wajifunze kusema "ngoja" na "hatari" kwa lugha ya mtoto.

Akiopolewa hapumui, apuliziwe pumzi mdomoni na kusukumwa kifua papo hapo, huku mwingine akipiga simu 911.

Nawe uendapo hotelini Mombasa likizo ya Desemba, fanya vivyo hivyo. Tahadhari kabla ya hatari.