FLAMENKO: NGOMA YA KUHESABU HADI 12

Mhariri alinituma niandike makala ya mafunzo juu ya ngoma, na najua alitazamia isukuti au chakacha, maana hizo ndizo huandikwa humu kila mwaka. Mimi nimechagua flamenko, ngoma ya Uhispania, wala si kwa kujionyesha. Mwezi wa Novemba mwaka 2010 kamati ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika ilikutana papa hapa Nairobi, na ni katika kikao hicho flamenko ilipotiwa kwenye orodha ya urithi wa wanadamu wote. Ilipokea cheti chake kwetu, nasi hatuna habari nayo! Niliwauliza wenzangu darasani flamenko ni nini, wengi wakasema ni ndege. Hawakukosea sana. Wahispania humwita heroe, yule ndege wa Nakuru na Bogoria, kwa jina hilo hilo. Lakini ndege tumwache ziwani.

Ngoma hii ilizaliwa Andalusia, kusini mwa Uhispania. Waarabu walikaa huko karne nyingi, mpaka Granada ilipoanguka mwaka 1492, na wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani cha muziki wao kilibaki. Jambo ambalo halina ubishi ni mchango wa Wagitano, watu ambao mababu zao walitoka India wakafika Uhispania katika karne ya 15. Walikuwa wahunzi, wachuuzi wa farasi, vibarua wa mashambani, tena wakichukiwa. Julai 1749 Mfalme Ferdinand wa Sita aliamuru wakamatwe wote nchi nzima. Maelfu walizolewa, wanaume mbali, wanawake na watoto mbali, wakafanyishwa kazi za sulubu. Wengine hawakuachiliwa hadi miaka ya 1760.

Tunafundishwa kwamba mcheza kwao hutunzwa. Haya, Wagitano walicheza kwao, na tuzo yao ilikuwa pingu. Ndiyo maana uimbaji wa flamenko, ule wa ndani kabisa, unafanana na kilio. Mtu akiusikia mara ya kwanza hudhani mwimbaji anaumwa.

Pesa zilikuja baadaye, katika karne ya 19, mikahawa ya nyimbo ilipofunguliwa. Maarufu zaidi ni ule wa mwimbaji Silverio Franconetti mjini Sevilla. Watu wakalipa kutazama kile walichokuwa wakikidharau. Pesa nazo zikazua hofu yake. Mwaka 1922 mtunzi Manuel de Falla na mshairi Federico García Lorca waliandaa mashindano Granada, wakiogopa kwamba nyimbo za kale zinaharibiwa na biashara. Wakawakataza waimbaji wa kulipwa waliozidi umri wa miaka 21. Miongoni mwa walioshinda alikuwa mtoto wa miaka 12, Manolo Caracol. Hapo mimi huwacheka kidogo wale mabwana, kwa sababu mtoto yule alikua akawa mwimbaji wa kulipwa, tena mkubwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mwaka 1983 Carlota Santana na Roberto Lorca walianzisha kundi la flamenko katika jiji la New York, Marekani. Leo linaitwa Flamenco Vivo Carlota Santana. Lorca alifariki mwaka 1987, kundi likiwa bado changa, na Bi. Santana akaliendeleza. Kundi hili lina kazi mbili. Ya kwanza ni maonyesho ya jukwaani, na hayo yana tikiti. Ya pili ni mafunzo: wasanii wake huingia katika shule za umma, New York na jimbo la North Carolina, wakawafundisha watoto kupiga makofi, kukanyaga kwa vipimo na kusimama wima kama watu wenye jambo la kusema. Hufundisha wazee pia.

Si hao peke yao. Kule Albuquerque, New Mexico, Eva Encinias alianzisha taasisi ya flamenko mwaka 1982, na tangu 1987 kuna tamasha la flamenko huko. Moto uliteketeza jengo la taasisi hiyo Desemba 2013. Wakahamia kwingine, wakaendelea.

Nilipolieleza jambo hili katika kikao cha Chama, mjadala ulikuwa mkali. Mwenzetu mmoja akauliza, eti Mmarekani ana haki gani kufundisha ngoma ya Wagitano? Mwingine akasema cha bure hakina thamani, mtoto asiyelipa hatajali. Swali la kwanza ni zito na silipuuzi. Mtu asifundishe mikono na miguu akaificha habari ya 1749. Mwalimu akiwaambia watoto ngoma hii ni ya nani na iliwagharimu nini, mimi sina kinyongo naye.

La pili silikubali hata kidogo. Carmen Amaya, mchezaji aliyesifiwa kuliko wengi, alizaliwa katika mtaa wa vibanda uitwao Somorrostro, Barcelona, akaanza kucheza akiwa mtoto mdogo katika vilabu vya pombe, baba yake akimpigia gitaa. Nani alimtoza karo ya ngoma? Kisha jamani, tuseme ukweli. Katika shule nyingi hapa nchini mwanafunzi asiye na pesa za mavazi ya ngoma na nauli ya kwenda mashindanoni hubaki mtazamaji, hata kama miguu yake ni mizuri kuliko ya wote.

Lakini neno "bure" nalo lina mlipaji wake. Kwetu Bungoma yuko mzee apigaye litungu. Humfundisha bure kila amwendeaye, na wamwendeao ni wawili. Mchana analima mashamba ya watu, jioni vidole vimekakamaa, nyuzi hazishikiki vizuri. Hakuna tikiti inayouzwa mahali popote ili yeye apate unga. Makundi kama lile la New York hutafuta fedha mlango huu na mlango huu: tikiti, wafadhili, mifuko ya serikali ya sanaa. Mtoto halipi, lakini mwalimu hula. Nimemwomba mlezi wa Chama tufikirie kiingilio kidogo kwenye tamasha letu la muhula wa pili, ili mzee yule aitwe kwa nauli na posho. Jibu bado.

Tukingoja, hebu tujifunze, maana somo la kwanza la flamenko halihitaji viatu. Viatu vyenyewe vina misumari mingi midogo kwenye ncha na kwenye kisigino, na huwezi kuvipata Gikomba. Halihitaji gitaa wala kahoni, lile sanduku la kukalia na kulipiga kwa viganja. (Kahoni, kwa taarifa yenu, ilitengenezwa Peru na watu wa asili ya Afrika waliokuwa watumwa, mpiga gitaa Paco de Lucía ndiye aliyeiingiza katika flamenko mwishoni mwa miaka ya 1970.) Mikono yako miwili yatosha.

Yako makofi ya aina mbili. Makali hupigwa kwa vidole vya mkono mmoja juu ya kiganja cha mwingine. Mazito hupigwa kwa viganja vilivyobonyea, na hayo ndiyo ya kumsindikiza mwimbaji bila kumfunika.

Wimbo uitwao solea una mapigo 12, na mkazo huja kwenye 3, 6, 8, 10 na 12. Wahispania wakipita kumi hawasemi kumi na moja, kwa kuwa ni refu. Hurudia moja, mbili. Nasi tufanye hivyo hivyo:

moja mbili TATU
nne tano SITA
saba NANE
tisa KUMI
moja MBILI

Mistari miwili ya kwanza ina mapigo matatu matatu, na mitatu ya mwisho mawili mawili. Hapo ndipo wengi huteleza, mwili ukishazoea tatu unakataa kugeuka. Anza polepole, ukihesabu kwa sauti, makofi kwenye mikazo tu. Ukishazoea, piga yote 12, mikazo kwa nguvu na mengine kwa upole. Kisha mmoja wenu agonge dawati katikati ya makofi ya wenzake. Solea ni ya taratibu. Buleria hutumia mikazo hiyo hiyo mbio mbio, na kwa kawaida huanza kuhesabiwa kutoka 12.

Ukifika MBILI ya mwisho usisimame, moja inafuata papo hapo. Na mwenzako akipatia, mwambie "ole!" angali anacheza. Katika flamenko hatungoji mwisho ndipo tushangilie.