Mtu Mzima ni Yupi?

Mitaani kwetu Kariakoo mzazi akichoshwa na mwanawe wa miaka 33 husema, "Huyu mtu mzima ovyo." Neno hilo huuma, na mara nyingine si la haki.

Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Marekani, Dan Kiley, alitoa kitabu juu ya wanaume wasiotaka kukua, akawafananisha na Peter Pan, yule mtoto wa mchezo wa kuigiza wa J. M. Barrie. Jina likaenea, ingawa Shirika la Afya Duniani halihesabu hali hiyo kuwa ugonjwa. Mwaka huohuo kwetu ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi; watu walioonekana hawana kazi hapa Dar es Salaam walikamatwa wakapelekwa vijijini. Miongoni mwao walikuwamo wachuuzi waliojitafutia riziki kwa jasho lao! Basi tusirudie kosa hilo majumbani: kukosa ajira si kukataa kukua.

Tuchukue vijana wawili wanaokaa vyumba vya uani kwa mama zao. Mmoja husukuma mkokoteni sokoni. Akipata, huleta unga. Akikosa, husema mapema. Hajaoa wala hajapanga kwake, maana kodi za Kariakoo twazijua. Huyo ni mtu mzima. Mwenzake ana mshahara, lakini ukiisha, wa kulaumiwa ni bosi. Deni la dukani hulipa mama, na mtoto aliyemzaa Buguruni analelewa na bibi. Ukimwuliza, hucheka: "Mimi bado kijana." Kweli, Sera ya Vijana ya mwaka 2007 ilihesabu ujana hadi miaka 35, lakini mtoto wa Buguruni anataka uji leo.

Mtume Paulo (1 Wakorintho 13:11) hataji umri wala mshahara. Erik Erikson naye, katika kitabu chake cha mwaka 1950, aliona kwamba mtu mzima hukomaa kwa kuwatunza wanaomfuata. Kwa hiyo kugombeza tu hakutoshi, na sisi wazazi tunapolipa madeni yake kimyakimya tunamnyima nafasi ya kukua.

Mama amwite jioni, si mbele ya wapangaji, amwambie: "Mwanangu, kuanzia mwezi ujao dukani utakwenda mwenyewe. Na Jumamosi nenda Buguruni ukamwone mtoto. Unga na sukari vitoke mfukoni mwako."