Alama zinapanda, sufuria zinaungua: je, michezo ya akili inarudisha kumbukumbu?

SWALI: Daktari, mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nina miaka 64, nakaa Mangobo hapa Kisangani. Siku hizi nasahau sana. Naacha sufuria motoni, natafuta funguo zilizo mkononi mwangu, na mwanafunzi wangu wa zamani akinisalimu sokoni, jina lake halinijii. Mtoto wangu aliye Kinshasa aliniwekea kwenye simu michezo ya kuzoeza akili. Ya bure imeisha, sasa wanaomba dola kila mwezi, mbali na pesa ya mega za intaneti. Alama zangu zinapanda kila siku, lakini sufuria bado zinaungua. Niendelee? Na mjukuu wangu anayejiandaa kwa mtihani wa Serikali, michezo hii itamsaidia?

JIBU: Mama Mwalimu, jambo kubwa katika barua yako umeshaliona mwenyewe: alama zinapanda, sufuria zinaungua. Watafiti wametumia miaka mingi na maelfu ya watu kufika hapo hapo ulipofika wewe jikoni kwako.

Mwaka 2010 jarida la Nature lilichapisha jaribio lililofanyika Uingereza kwa ushirikiano na BBC. Watu 11,430 walishiriki kwa wiki sita. Wengine walifanya mazoezi ya kompyuta ya kukumbuka, kuhesabu na kufikiri, na wengine walipewa tu maswali ya kutafutia majibu kwenye intaneti. Waliofanya mazoezi waliibobea michezo yao. Lakini walipopimwa kwa kazi nyingine za kumbukumbu na kufikiri, hata zile zilizokaribiana sana na walizozizoea, hawakuwa wamepata faida ya maana kuliko wale waliokuwa wakitafuta majibu tu.

Sababu yake inaonekana vizuri katika kisa cha mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu huko Pittsburgh, Marekani, kilichochapishwa mwaka 1980. Alipoanza, alikuwa akisomewa namba moja moja na kuweza kurudia kama saba, sawa na watu wengi. Baada ya zaidi ya saa 230 za mazoezi alifika namba 79. Alikuwa mkimbiaji, na alijifunza kuzigawa namba katika mafungu na kuyafikiria kama muda wa mbio. Kisha watafiti wakampa herufi badala ya namba. Akarudi kwenye herufi sita hivi. Uwezo wake wa kukumbuka haukuwa umepanuka hata kidogo. Alikuwa amejenga njia ya kushika namba, na kwa herufi njia hiyo haikufaa kitu.

Sisi wa mkoa wa Tshopo hatuhitaji kwenda Pittsburgh kuliona hilo. John Carrington, mmisionari aliyefanya kazi hapa jirani, Yakusu, alichapisha mwaka 1949 kitabu juu ya ngoma zinazozungumza, na Walokele ndio waliomfundisha mengi. Ngoma ile ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini, kwa hiyo neno moja fupi likipigwa linaweza kufanana na maneno mengine mengi. Ndiyo maana kila kitu hupewa kirai kirefu kinachokitambulisha, na mpigaji hodari hubeba kichwani hazina kubwa ya virai hivyo. Kumbukumbu ya namna hiyo huja kwa kusikiliza ngoma na kuipiga. Ni kumbukumbu ya kazi fulani, imejengwa ndani ya kazi hiyo.

Vivyo hivyo kwa kijana wa toleka, teksi ya baiskeli, anayekupeleka kutoka Mangobo hadi soko kuu na anayejua kila kichochoro kisicho na matope baada ya mvua. Huko London madereva wa teksi hutakiwa kukariri maelfu ya mitaa kabla ya kupata leseni. Mwaka 2011 Katherine Woollett na Eleanor Maguire walichapisha matokeo ya kuwafuata wanafunzi 79 wa kazi hiyo. Waliofaulu walikuwa 39, na ubongo wao ulikuwa umekua katika sehemu inayoshughulikia ramani na kumbukumbu, ijapokuwa walikuwa watu wazima. Lakini walipotakiwa kukumbuka mchoro wenye mistari mingi, walifanya vibaya zaidi kuliko watu ambao hawakuwa madereva. Ubongo wa mtu mzima hubadilika, na hiyo ni habari njema. Ila hubadilika kufuata kazi unayoupa, haunyanyuki wote kwa pamoja.

Sitakuwa mwadilifu nikiishia hapo, maana kuna utafiti mmoja unaosema zaidi. Unaitwa ACTIVE, ulianza Marekani mwaka 1998 ukiwa na wazee 2,832 wa miaka 65 na kuendelea. Kundi moja lilifundishwa mbinu za kukumbuka, la pili kufikiri kwa mantiki, la tatu wepesi wa kuona na kuamua, na la nne halikufundishwa. Mafunzo yalikuwa vipindi kumi tu, na baadhi yao waliongezewa vipindi vya kukumbushia baadaye. Miaka kumi ikapita. Faida ya mafunzo ya mantiki na ya wepesi ilikuwa bado inaonekana kwenye vipimo vyao, lakini ile ya kumbukumbu, hiyo unayoililia wewe, ilikuwa imetoweka. Wazee waliofundishwa walisema kazi za nyumbani haziwalemei kama zinavyowalemea wenzao. Hata hivyo walipowekwa mbele ya mtafiti na kupewa kazi za kila siku wazifanye, tofauti hiyo haikuonekana. Mwaka 2017 ripoti nyingine ya watu hao hao ilisema waliopata mafunzo ya wepesi walikuwa na hatari ndogo ya shida ya akili ya uzeeni, pungufu kwa asilimia 29. Nalichukulia tokeo hilo kwa uzito, lakini utambuzi wa ugonjwa haukutegemea uchunguzi wa daktari kwa kila mzee, kwa hiyo siwezi kukuahidi kitu juu yake.

Kampuni za michezo hii hazikuwa na subira hiyo. Mnamo Januari 2016 watengenezaji wa Lumosity walikubali kulipa dola milioni 2 baada ya tume ya biashara ya Marekani kuwashtaki kwa matangazo ya kupotosha: walikuwa wamewaambia watu kwamba michezo yao ingewasaidia kazini na shuleni na kuchelewesha usahaulifu wa uzee, bila ushahidi wa kutosha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linakubali kwamba wazee wanaweza kupewa mazoezi ya akili, ila linasema wazi kuwa ushahidi wake ni dhaifu. Kwa mazoezi ya mwili, mwongozo huo huo unatoa pendekezo lenye nguvu kwa watu wazima ambao akili zao ni timamu.

Kuna mahali ninapoyaheshimu mazoezi ya kompyuta. Kampala, Paul Bangirana na Michael Boivin pamoja na wenzao waliyajaribu kwa watoto waliopona malaria ya ubongo, na baadhi ya vipimo vya uwezo wa akili vilipanda. Hao ni watoto ambao ugonjwa umeujeruhi ubongo wao, wakisimamiwa kipindi kwa kipindi. Hali hiyo ni tofauti kabisa na mtu anayelipa dola kila mwezi akiwa peke yake na simu.

Kwa hiyo usilipe. Ukipata mingine ya bure na ukaipenda, icheze kwa furaha yake. Lakini barua yako, Mama, imenipa wasiwasi mwingine: unasahau, na hukuniambia kama kuna mtu aliyekupima. Katika mji wetu usahaulifu wa mtu wa miaka 64 hupewa haraka jina la uzee, na wakati mwingine jina baya zaidi, la uchawi. Hapo ndipo mambo yanayotibika hupotelea.

Anza na tansio, yaani presha ya damu. Haiumi, haina homa, na kwa miaka mingi huharibu mishipa midogo ya ubongo. Katika utafiti wa Marekani wa SPRINT, uliokuwa na watu 9,361 wenye presha, walioshushiwa presha kwa nguvu zaidi walipatwa na udhoofu mdogo wa akili kwa kiwango pungufu kwa asilimia 19 kuliko wenzao, kwa matokeo yaliyotolewa mwaka 2019. Kipimo chenyewe ni dakika chache kwenye kituo cha afya. Waambie wakupime na sukari.

Kisha masikio. Umefundisha miaka mingi katika madarasa yaliyojaa, na sokoni kuna kelele za jenereta, mashine za kusaga na pikipiki. Jina ambalo halikuingia vizuri sikioni halina pa kukaa kichwani. Tume ya jarida la Lancet ilitaja mwaka 2024 mambo 14 ambayo yakishughulikiwa katika maisha yote ya mtu yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya shida za akili za uzeeni duniani. Kutosikia vizuri kumo, na presha, sukari, macho yasiyotibiwa, huzuni kuu, upweke na kukaa bila kutembeza mwili vimo pia. Wakati mwingine ni nta tu iliyoziba, na muuguzi huitoa asubuhi moja.

Angalia pia vidonge unavyomeza. Diazepam na prometazini huuzwa ovyo katika maduka yetu ya dawa kwa ajili ya usingizi, na kwa mtu wa umri wako huvuruga kumbukumbu hata mchana wa kesho yake. Usiziache ghafla kama umezitumia muda mrefu, hasa diazepam. Mpelekee daktari pakiti zote akupangie namna ya kupunguza. Pombe ya lotoko nayo, kama inaingia nyumbani, iseme bila aibu.

Kama umeishi au kulima upande wa Isangi, mwambie daktari hilo pia. Eneo hilo limekuwa na ugonjwa wa malale, na malale yakifika kwenye ubongo hubadili usingizi, tabia na kumbukumbu polepole, hata familia ikadhani mzee wao amechoka tu. Kipimo cha damu kipo, na kwa wengi matibabu sasa ni vidonge vya fexinidazole, vilivyofanyiwa majaribio hapa hapa Congo.

Na usiku unalala? Wengi wa rika lako walipita katika Vita vya Siku Sita vya hapa Kisangani, Juni 2000, mabomu yakianguka kwenye nyumba za watu, na bado huamka saa nane wakisikiliza. Mtu asiyelala hashiki jambo jipya. Huzuni na hofu ya zamani ni ugonjwa unaostahili kutibiwa, na ukiupunguza, kumbukumbu mara nyingi hurudi nyuma yake.

Kwa sufuria, fanya kazi na sufuria yenyewe. Simu hiyo hiyo ina saa ya kengele: ukitia sombe motoni, iwashe kabla hujatoka jikoni. Funguo zipate msumari mmoja karibu na mlango, zisilale pengine. Jina la mtu likikuponyoka, muulize, kisha lirudie kwa sauti ukimwangalia usoni. Tembea kila siku. Kama kwaya ya parokia yako inajifunza nyimbo mpya, ingia, kwa sababu huko kuna watu, pumzi na maneno mapya kwa pamoja.

Mjukuu wako naye asipoteze jioni kwenye michezo hiyo. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliorudia kusoma maandishi walikumbuka vizuri zaidi dakika tano baadaye, lakini wiki moja baadaye waliofunga kitabu na kujaribu kuandika walichokumbuka waliwashinda. Kwa hiyo mwache afunge daftari, wewe umuulize, akikosa aangalie, na baada ya siku mbili umuulize tena maswali yale yale. Hiyo ni kazi uliyoifanya maisha yako yote, na inakufaa wewe kama inavyomfaa yeye.

Usahaulifu ukija ghafla, ukipotea njia unayoijua, mkono au uso ukilegea upande mmoja, au ikiwa kuna homa na kuchanganyikiwa, usingoje kesho: nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kama hakuna hayo, nenda kituo cha afya wiki hii na mtu wa nyumbani, upimwe presha, sukari na masikio, na uniandikie namba walizokupa.