Kuwahi Si Kukimbia: Jinsi ya Kupima Uchelewaji kati ya Kifaa na Programu

Chukua mashine inayopiga chapa ya tarehe kwenye chupa za maji. Mkanda unatembea nusu mita kwa sekunde. Kihisi kikiiona chupa, programu huamuru wino urushwe. Programu ikichelewa milisekunde 2, chupa imesogea milimita 1 tu, na hakuna atakayegundua. Ikichelewa milisekunde 40, chupa imeshasogea sentimita 2, na tarehe inaangukia ukingoni au inakosa chupa kabisa.

Mfumo wa wakati halisi hausifiwi kwa mbio zake. Unasifiwa kwa kutovuka kikomo, hata siku ambayo kompyuta imeelemewa. Basi kabla ya kuiamini mashine, ipime.

Wito unapita wapi?

Katika Linux, programu ya kawaida haigusi kifaa moja kwa moja. Inapitia kwa draiva, yaani kipande cha programu kinachokaa ndani ya kerneli na kukijua kifaa kwa undani. Programu na draiva hukutana kwenye faili lililo chini ya /dev. Kwa pini za kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, faili hilo huwa na jina kama /dev/gpiochip0.

Programu hulifungua kwa open, hueleza kwa ioctl ni pini ipi na badiliko lipi inalingoja, kisha hulala ndani ya read. Volti ikipanda kwenye pini, katizo huishtua prosesa. Draiva huandika saa ya tukio, halafu mpangaji wa zamu huiamsha programu.

Kila hatua kati ya hizo inaweza kula muda. Pengine kerneli ina kazi isiyokubali kukatizwa, au zamu imeshikwa na programu nyingine. Pengine ukurasa wa kumbukumbu unaohitajika haujapakiwa. Pengine prosesa ilikuwa imesinzia kuokoa umeme.

Andaa uwanja kwanza

1. Kagua kerneli. Andika uname -v na utafute neno PREEMPT_RT, yaani uwezo wa kerneli kukatizwa hata katikati ya kazi zake nyingi. Kwa takriban miaka 20 uwezo huo ulikuwa kiraka cha kubandika kutoka nje. Uliingizwa rasmi katika Linux 6.12, iliyotoka Novemba 2024. Hata hivyo, lazima uwashwe wakati kerneli inajengwa.

2. Ipe programu kipaumbele. Mpango wa SCHED_FIFO una ngazi 1 hadi 99, na kubwa ndiyo ya juu. Ikiwa programu yako inaitwa chapa, amri ni chrt -f 80 ./chapa, kwa ruhusa ya msimamizi.

3. Funga kumbukumbu. Wito wa mlockall mwanzoni mwa programu huzuia kurasa zake zisiondolewe kwenye RAM.

4. Safisha mzunguko. Kati ya kupokea tukio na kutoa amri, usiite printf wala malloc, wala usiandike kwenye kadi ya kumbukumbu. Vipimo viweke katika safu uliyoitenga mapema, uvichapishe baada ya kazi.

Pima mara tatu

Kipimo cha kwanza ni cha mfumo wenyewe. Programu ya cyclictest, iliyomo katika kifurushi cha rt-tests, hulala kwa muda maalumu na kupima imeamka ikiwa imechelewa kiasi gani:

sudo cyclictest -m -S -p 80 -i 1000 -d 0 -D 1h

Itaamka kila maikrosekunde 1,000 kwa saa nzima, mara 3,600,000 katika kila kiini cha prosesa. Usiiache peke yake. Nakili mafaili makubwa, tuma data kwenye mtandao, washa stress-ng, programu ya kuielemea kompyuta makusudi. Gari hupimwa breki likiwa na mzigo.

Kipimo cha pili ni cha draiva yako, kwa kuwa cyclictest hupima kuamshwa na saa, haijui lolote kuhusu pini. Tukio linalosomwa kutoka gpiochip hubeba saa ya katizo kwa nanosekunde. Mara tu read inaporudi, ita clock_gettime kwa CLOCK_MONOTONIC, utoe saa ya tukio kwenye saa hiyo. Tofauti ndiyo safari ya kutoka draiva hadi programu.

Kipimo cha tatu hufanywa kwa osiloskopu: waya mmoja kwenye pini ya kihisi, mwingine kwenye pini inayorusha wino. Hiki ndicho kinachoonyesha pia muda uliopotea kabla draiva haijaandika saa yake, muda ambao programu haiwezi kuuona.

Soma safu ya mwisho

Cyclictest huonyesha Min, Act, Avg na Max. Wengi hukimbilia Avg, wastani, nao ndio unaowadanganya. Chupa iliyokosa tarehe imo ndani ya Max. Ikiwa unavumilia kosa la milimita 1, kikomo chako ni maikrosekunde 2,000. Max ya 150 inakupa nafasi ya kutosha. Ya 1,900 ni onyo, maana saa moja ya majaribio haijaona yote yatakayotokea mwaka mzima.

Max ikiwa kubwa, anza na nyuzi za kerneli zinazohudumia makatizo. Katika PREEMPT_RT hupewa kipaumbele 50. Programu yako ya 80 ikiusubiri uzi wa 50, programu nyingine ya 60 inaweza kuvizuia vyote viwili. Kisha zuia prosesa isizame katika usingizi mzito. Mwisho, kagua kufuli zinazoshirikiwa: mwaka 1997 chombo cha Mars Pathfinder kilijiwasha upya mara kwa mara huko Mirihi kwa sababu kazi ya kipaumbele cha chini ilishika kufuli iliyohitajiwa na kazi ya juu. Wahandisi walikitibu wakiwa duniani, kwa kuwasha urithi wa kipaumbele, yaani anayeshika kufuli hupandishwa hadi ngazi ya anayeisubiri. Katika Linux, kufuli ya aina hiyo huombwa kwa PTHREAD_PRIO_INHERIT.

Ukimaliza, andika Max kwenye daftari la mashine, pamoja na toleo la kerneli na mzigo uliotumia. Kerneli ikisasishwa, namba hiyo imekufa. Pima upya kabla mkanda haujawashwa.