Dondoo muhimu: Mguu wa klachi na mguu wa mafuta

Lami ya kilomita 193 kati ya Namtumbo na Tunduru imewazoesha madereva wengi gia ya tano. Ukichepuka kwenye vumbi kufuata korosho vijijini, ndipo mguu wa kushoto unapopimwa.

Kuondoka: kanyaga klachi hadi mwisho, tia gia ya kwanza, kisha achia klachi taratibu mpaka mlio wa injini ubadilike. Klachi imeshika hapo. Tulia kidogo, ongeza mafuta, ndipo uachie klachi yote.

Kupandisha gia ni rahisi: mguu mmoja unatoka kwenye mafuta, mwingine unakanyaga klachi, kwa wakati mmoja. Injini ikipiga kelele, umechelewa kuachia mafuta.

Kushusha gia ndiko wengi wanakokosea, hata wakongwe wanaojisifu vijiweni. Gia ya chini huitaka injini izunguke haraka zaidi. Basi punguza mwendo kwa breki, kanyaga klachi, shusha gia, kisha gusa mafuta kidogo kabla ya kuachia klachi. Gari halitashtuka, wala matairi hayatateleza kwenye changarawe. Usiruke kutoka ya tano hadi ya pili ukiwa kasi.

Mlimani, shikilia gari kwa hendibreki, si kwa klachi. Harufu ya kuungua ni pleti ya klachi inayoliwa.

Ukishabadili gia, ondoa kabisa mguu juu ya klachi, maana mguu unaoegemea hapo nao huila pleti. Kubadilisha pleti maana yake ni kushusha gia boksi zima.