Nondo Huchaguaje Mahali pa Kutaga?

Darsa zetu za Surat an-Nahl zikifika kwenye nyuki kupewa ilhamu ya mahali pa kujenga, hakosi mtu wa kuongeza kwamba basi kila mdudu humchagulia mwanawe mahali bora. Mimi nasoma elimu ya wadudu, na nyongeza hiyo siikubali. Aya inamtaja nyuki. Nondo wa bungua, ambaye viwavi wake hutoboa mabua ya mahindi, ana habari nyingine.

Nondo huyu hutaga usiku. Hufuata harufu kwanza. Akishatua, huligusa jani kwa vipapasio na kwa ncha ya tumbo, ambako kuna vionjio. Hana njia ya kujua kama mwanawe atapona. Anachopima ni alama tu, na mara nyingi alama hizo humfikisha pazuri. Asipofika pazuri, kiwavi mchanga ndiye anayelipa, maana hawezi kwenda mbali.

Sasa tazama majani ya tembo, yale tunayoyaita nepia na kuwalisha ng'ombe. Giza linapoingia, baina ya Maghribi na Isha, hutoa harufu nyingi kuliko mahindi. Nondo huyapenda, akataga humo mayai mengi zaidi. Lakini kiwavi akianza kutoboa, hutoka utomvu unaonata, ukamnasa; takriban 80 katika kila 100 hufa kabla ya kukomaa. Mama amechagua kaburi.

Watafiti wa icipe huko Mbita, Kenya, pamoja na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, wakaligeuza kosa hilo kuwa kilimo cha vuta-sukuma, ambacho leo kimefika hata kwetu mashariki mwa Uganda. Nepia huzungushwa shamba ili imvute nondo, na desmodiamu hupandwa katikati ya mistari ya mahindi ili imsukume. Maelezo ya mwanzo ni kwamba harufu ya desmodiamu hufanana na ya mmea uliokwisha kushambuliwa, kwa hiyo nondo hupita. Utafiti uliotoka 2024, uliohusu viwavijeshi, ulipinga: mmea huo haufukuzi, bali vinyweleo vyake hunasa viwavi na kuwaua. Ubishi haujaisha. Mkulima hana haja ya kuungoja, kwani desmodiamu pia hukandamiza kiduha na kulisha mifugo yake.