Somo la Tawi: Kompyuta Yako, Kazi ya Mwajiri



Somo letu safari hii linahusu kompyuta. Tunajua wako watakaosema: "Mimi nachuma chai, kompyuta inanihusu nini?" Inakuhusu. Kilo unazochuma hupimwa kwenye mizani, karani huziandika, na mwisho wa mwezi kompyuta ndiyo itoayo hesabu ya mshahara wako. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari ni kompyuta. Kwa hiyo nani anaishika, nani anaifunga na nani anaruhusiwa kuifungua ni habari ya kila mwanachama, awe shambani, kiwandani au ofisini.

Katika matawi tunayotembelea tunasikia neno hilo hilo kutoka kwa makarani wa mizani, watunza stoo na mafundi. Kompyuta ya kazini imefungwa kila upande, kazi ni nyingi, nao wanaishia kutumia kompyuta zao na simu zao wenyewe. Wengine wamepata barua za onyo kwa sababu hiyo. Basi tufundishane mambo matatu: kwa nini mwajiri anafunga, hatari iko wapi, na tawi lifanye nini.

1. KWA NINI MWAJIRI ANAFUNGA

Tuanze kwa haki. Si kila kufuli limewekwa kumkomoa mfanyakazi. Mwezi Mei 2017 virusi vya kompyuta vilivyoitwa WannaCry viliingia katika kompyuta za nchi nyingi duniani kwa siku chache. Vilifunga mafaili na kudai fedha ili yafunguliwe. Hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu ya wagonjwa, na kiwanda cha magari cha Renault nchini Ufaransa kilisimamisha kazi katika baadhi ya sehemu zake. Mashine zikisimama, na sisi tunasimama. Mwajiri anayezuia flashi zisizojulikana zisichomekwe, au anayekataza kuweka programu ovyo, ana sababu ya kueleweka.

Tena kompyuta ya ofisi ina habari zetu sisi wenyewe: majina, namba za vitambulisho, mishahara, mikopo, hata habari za zahanati. Hatutaki vitu hivyo vizagae.

Lakini amri ya kompyuta ni amri ya kazi kama nyingine. Saa za kuingia ni sharti la kazi. Uzito wa gunia ni sharti la kazi. Basi na kufuli la kompyuta ni sharti la kazi, na masharti ya kazi hujadiliwa na chama. Hapo ndipo penye kiini cha somo letu.

2. MFANO WA KARANI WA MIZANI

Tuchukue mfano. Karani wa mizani ana wachumaji 400. Kompyuta ya ofisi ni moja, inatumiwa na watu watatu. Haikubali flashi, haifungui intaneti, na ikifika saa 11 jioni ofisi inafungwa. Meneja anataka hesabu saa 1 asubuhi. Karani ana laptopu yake aliyoinunua kwa kudunduliza. Anapiga picha za karatasi za mizani kwa simu, anakwenda nazo nyumbani, anafanya hesabu usiku, na asubuhi anaileta kazi imekamilika. Meneja anasema, "Ahsante, kazi nzuri."

Miezi sita inapita. Siku moja kunatokea ugomvi juu ya kilo. Sasa meneja yule yule anauliza: "Nani alikuruhusu kutoa habari za kampuni nje ya ofisi?" Ile ahsante haikuandikwa popote. Sheria za kazini zinazokataza zimeandikwa, tena zina sahihi ya karani chini yake.

Tazameni karani huyu amepoteza nini.

Kwanza, amefanya kazi ya usiku bila malipo ya ziada. Laptopu yake, umeme wake na bando lake vimekuwa vyombo vya mwajiri bila kodi.

Pili, amejiweka katika hatari ya kufukuzwa. Kama angetumia neno la siri la mtu mwingine ili kupita kwenye kufuli, mambo yangekuwa makubwa zaidi. Hapa Uganda Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 ilifanya kuingia katika kompyuta bila idhini kuwa kosa la jinai, na iliweka adhabu ya kifungo kisichozidi miaka 10.

Tatu, amebeba habari za watu 400 katika mfuko wake. Laptopu ikiibwa ndani ya teksi, ni wachumaji watakaodhurika, na ni yeye atakayeulizwa.

Nne, amemficha mwajiri ukweli kwamba kazi haiwezekani kwa kompyuta moja. Kazi inaonekana inakwenda, basi kompyuta ya pili haitanunuliwa kamwe.

Hilo la nne ndilo tunaloliona kubwa. Mfanyakazi anayelizunguka kufuli peke yake usiku anabeba peke yake mzigo wa mwajiri.

3. MASHINE YA MWAJIRI INA MACHO

Sasa tugeuze upande wa pili. Wengine hutumia kompyuta ya ofisi kwa mambo yao, hata kwa barua za chama. Ndugu, msifanye hivyo. Jueni namna inavyofanya kazi.

Fundi wa kompyuta wa mwajiri ndiye mwenye funguo zote. Anaweza kuweka programu inayoandika ni nani aliingia, saa ngapi, alifungua faili gani na kurasa gani za intaneti. Ziko programu zinazopiga picha ya kioo cha kompyuta kila baada ya muda. Barua pepe ya kazini ukiifuta kwako, nakala yake inaweza kuwa imebaki katika mashine kuu. Na ule ufunguo wa "kutumia kwa faragha" unazuia kompyuta isihifadhi orodha ya kurasa ulizofungua. Hauuzuii mtandao wa mwajiri usione ulikokwenda.

Hata simu yako binafsi inaweza kupewa macho. Mwajiri akikwambia uweke programu ya kampuni ndani ya simu yako ili upate barua za kazi, uliza kwanza: programu hii inaona nini? Baadhi ya programu hizo humpa mwajiri uwezo wa kuifuta simu yote kutoka mbali, pamoja na picha za watoto wako. Nyingine hutenga chumba cha kazi ndani ya simu, na mwajiri hawezi kufuta ila kilichomo ndani ya chumba hicho. Tofauti hiyo ni kubwa, nawe una haki ya kuelezwa kabla ya kukubali.

Na makundi ya WhatsApp ya kazini je? Kumbukeni kwamba kila aliyemo kundini anaziona namba za wenzake, na msimamizi akiwamo anasoma kila neno. Kundi la kazi si mkutano wa tawi.

4. KESI YA ROMANIA

Iko kesi moja ambayo vyama vingi vya wafanyakazi huitumia kufundishia. Ndugu Bogdan Bărbulescu alikuwa mhandisi aliyesimamia mauzo katika kampuni binafsi mjini Bucharest. Mwajiri alimwambia afungue anwani ya Yahoo Messenger ili awajibu wateja. Sheria za kampuni zilikataza kutumia kompyuta kwa mambo binafsi. Mwezi Julai 2007 kampuni ilimwita na kumwambia imekuwa ikifuatilia ujumbe wake. Alipokana kwa maandishi, alionyeshwa kurasa 45, ndani yake mkiwa na maneno aliyoandikiana na ndugu yake na mchumba wake. Tarehe 1 Agosti 2007 alifukuzwa kazi.

Alishindwa katika mahakama za kwao. Alikwenda katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na huko pia alishindwa mara ya kwanza, Januari 2016. Alipoomba tena, Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi vya Ulaya liliingia katika kesi kutoa maoni yake. Tarehe 5 Septemba 2017 majaji 11 dhidi ya 6 waliamua kwamba haki yake ya faragha haikulindwa.

Majaji hawakusema kwamba mwajiri hana ruhusa ya kuangalia kompyuta zake. Walisema mahakama za kwao zilipaswa kuuliza maswali yafaayo. Je, mfanyakazi aliambiwa mapema kwamba atafuatiliwa, na kwa kiasi gani? Je, mwajiri alikuwa na sababu ya kweli? Je, haikuwapo njia nyepesi kuliko kusoma maneno yenyewe? Kujua kwamba jambo limekatazwa si sawa na kujua kwamba unachunguliwa.

Hukumu hiyo haina nguvu ya sheria kwetu. Lakini tujifunze jambo lingine. Ushindi ulichukua miaka 10. Mahakama hiyo haikumpa fidia ya madhara, ila gharama za kesi. Maswali yale yale, yakiulizwa na tawi kabla ya sheria ya kazini kubandikwa ukutani, yanajibiwa kwa mkutano mmoja au miwili.

5. TUNA MISINGI GANI

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inalinda faragha ya mtu na ya mawasiliano yake, na inatupa haki ya kuunda chama na kujadiliana kwa pamoja. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mfanyakazi kwa kosa, amweleze kosa hilo na kumsikiliza, na mfanyakazi anaweza kuwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Mtu huyo awe mwakilishi wa tawi. Sheria ya Ulinzi wa Habari Binafsi ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya habari zako akueleze anazikusanya kwa kusudi gani, na inakupa haki ya kuomba kuziona.

Wenzetu wa nchi jirani nao wana sheria zao za namna hiyo: Kenya ya mwaka 2019, Rwanda ya mwaka 2021, na Tanzania iliyopitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023.

Shirika la Kazi Duniani nalo lilitoa mwongozo mwaka 1997 juu ya habari za wafanyakazi. Mwongozo huo si sheria, bali ni silaha nzuri mezani. Unasema wafanyakazi waambiwe mapema sababu, wakati na njia za kufuatiliwa, na wawakilishi wao washauriwe kabla mitambo hiyo haijaanza. Tena Mkataba wa shirika hilo Namba 135 wa mwaka 1971 unasema wawakilishi wa wafanyakazi wapewe nyenzo za kufanyia kazi yao.

6. TAWI LIDAI NINI

Mkataba wa hali bora za kazi unapofunguliwa, tawi lipeleke mezani mambo haya:

(a) Kazi ya mwajiri ifanywe kwa chombo cha mwajiri. Kikiwa hakitoshi, aongeze.

(b) Asilazimishwe mtu kutumia kompyuta au simu yake. Akikubali kwa hiari, iandikwe, na alipwe bando, umeme na uchakavu wa chombo.

(c) Kazi inayofanywa nyumbani usiku ihesabiwe kuwa saa za ziada.

(d) Amri za kompyuta ziandikwe kwa lugha ambayo wafanyakazi wanaielewa, na tawi lizisome kabla hazijaanza kutumika.

(e) Mwajiri aseme anafuatilia nini, nani anasoma, na habari hizo zinakaa muda gani.

(f) Mtu asifukuzwe kwa ushahidi wa kompyuta ambao yeye na mwakilishi wake hawajauona.

(g) Kila mchumaji apate karatasi ya kilo zake za siku, ili hesabu ya kompyuta iwe na shahidi.

7. KILA MMOJA WETU AFANYE NINI

Usimpe mwenzako neno lako la siri, hata msimamizi. Akitumia yeye, jina litakaloonekana ni lako. Usichomeke flashi ya kuokota. Usiandike barua ya chama katika kompyuta ya ofisi. Usivunje kufuli, andika barua fupi: "Kazi hii haiwezi kukamilika kwa sababu kompyuta ni moja na inafungwa saa 11." Weka nakala, na nyingine mpe mwakilishi wako. Ukiambiwa kwa mdomo tumia laptopu yako, omba amri hiyo kwa maandishi. Ukinyimwa maandishi, huna ruhusa. Iache laptopu nyumbani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Katika kituo chetu cha kazi, ni nani wanaotumia simu au kompyuta zao kwa kazi ya mwajiri? Nani analipa bando?

2. Je, sheria za kompyuta za kazini zimeandikwa? Nani kati yetu amezisoma zote kabla ya kutia sahihi?

3. Karani akifukuzwa kwa kosa la kompyuta, wachumaji watadhurika vipi?

4. Ni jambo gani moja kati ya (a) hadi (g) tunaloweza kulipata mwaka huu?

Katibu wa tawi aandike majibu na kuyaleta katika mkutano wa wilaya. Ayaandike kwa mkono wake katika daftari la tawi.

Umoja ni nguvu.